Kwa rafiki aliyekabidhiwa wodi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ya kuniuliza kama ukatae usimamizi wa wodi niliipata Jumanne, nikaisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimesimama kwa sababu kuna sentensi moja iliyonikosesha raha. Uliandika: "Mimi niliitwa kuuguza, sikuitwa kusimamia wauguzi." Tangu siku hiyo nakujibu kichwani, nikiwa njiani, nikisahihisha madaftari, hata usiku. Leo nimeona bora niyaandike.

Nianze na neno lenyewe, wito. Tunalitaja kana kwamba ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho kimefichwa ndani yake, na kazi yake ni kukitafuta tu. Lakini wito umetokana na kuita, na anayeitwa hana budi kuitika. Kuitika huko hakuishi kwa siku moja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotushauri tujifungie tujichunguze mpaka tujue tuliumbiwa nini. Mimi sikujua kwa kujifungia. Nilijua nilipoona wanafunzi waliokatiwa tamaa wanaletwa kwangu, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, nami nikikaa nao baada ya kengele ya mwisho bila kuhisi saa zinavyokwenda. Waliniita watu, na nilikuwa nimeshaitika kabla sijajua kwamba nimeitwa.

Nawe ni hivyo hivyo. Unakumbuka mwaka wako wa kwanza kazini? Ulinisimulia jinsi wauguzi wapya walivyokufuata wewe kuuliza namna ya kumgeuza mgonjwa aliyevunjika nyonga bila kumuumiza, na hali msimamizi wao alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo. Hukuwa na cheo wala ofisi. Ulikuwa na subira ya kuonyesha kitu kimoja mara tatu bila kupandisha sauti. Kwangu mimi uongozi wako ulianza pale, na hiyo barua ya uteuzi unayoiogopa imekuja nyuma sana.

Sasa hofu yako yenyewe, kwamba makaratasi na ratiba za zamu zitakutenga na vitanda vya wagonjwa. Hofu hiyo naiheshimu, na nikiifikiria namkumbuka Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza wa karne ya 19, ambaye picha yake mliipenda mno chuoni, ile ya mwanamke na taa yake. Yeye aliandika kwamba aliusikia wito wake mwaka 1837, akiwa na miaka 16. Lakini kazi yake ya kwanza ya kusimamia hospitali, ndogo tu, ya wanawake wagonjwa mjini London, aliipata mwaka 1853. Hesabu mwenyewe: miaka 16 ya kungoja, familia ikimkatalia, naye akiamka alfajiri wenzake wakiwa wamelala ili asome ripoti za hospitali. Hata kuuguza hakukumfikia kwa njia iliyonyooka.

Kisha tazama ile vita ya Krimea, ya Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, iliyompa jina. Aliondoka mwishoni mwa 1854 akiwa na wauguzi 38 na akarudi 1856. Hiyo haifiki hata miaka miwili. Alikufa mwaka 1910 akiwa na miaka 90, na sehemu kubwa ya miaka iliyobaki alikuwa mtu mwenye afya dhaifu, mara nyingi hatoki chumbani, akiandika barua, akipanga takwimu za vifo vya askari, akiwasukuma wakubwa wasafishe hospitali na kambi. Mwaka 1860 ilifunguliwa shule ya wauguzi kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas. Wagonjwa aliowagusa kwa mkono wake wanahesabika. Waliouguzwa na watu waliofunzwa kwa njia aliyoianzisha, nani atawahesabu? Sidhani kwamba aliuacha uuguzi alipoweka taa chini na kushika kalamu. Na wewe ukikaa kupanga zamu ili usiku asibaki muuguzi mmoja peke yake na wagonjwa thelathini, unawauguza wote thelathini.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba ukishakuwa na wito basi ujuzi wa kuongoza unajileta wenyewe. Haujileti. Hili nimejifunza kwa maumivu, na sijawahi kukusimulia lote.

Nilipopewa kuongoza idara shuleni niliona fahari ya kuja kwenye kikao na majibu tayari. Nilikuwa nasema, "Wenzangu, mnaonaje tufanye hivi?", halafu naeleza hivi yenyewe kwa dakika kumi. Walikubali. Kila kikao walikubali, nami nikadhani tumeelewana. Muhula ulipokwisha mmoja wao, mtu mpole kuliko wote, alinifuata akaniambia kwa heshima kubwa: "Mwalimu, huwa unatuuliza swali ambalo umeshalijibu." Kumbe mpango wangu wa mitihani walikuwa wameona kasoro yake tangu siku ya kwanza, na wanafunzi ndio walioumia. Nilikwenda kuwaomba radhi wote, kwenye kikao, kwa maneno ya wazi. Ilikuwa ngumu, na ndiyo siku niliyoanza kuongoza.

Baadaye nikakumbuka jambo ambalo Nelson Mandela alisimulia juu ya utoto wake. Alilelewa kwa mtawala wa Wathembu, Jongintaba, na alikuwa akiitazama mikutano yake. Kila aliyetaka kusema alisema, hata wa kumlaumu mtawala mbele ya uso wake, naye alisikiliza akiwa kimya mpaka mwisho, ndipo akafunua kinywa kuyakusanya yaliyosemwa. Nilianza kujilazimisha vivyo hivyo: kiongozi wa kikao aseme wa mwisho. Utaona mara moja jinsi kimya kile kinavyouma. Dakika mbili za mwanzo hakuna anayezungumza, na ulimi wako utakuwasha. Vumilia. Watu waliozoea kuamriwa hawaamini siku ya kwanza kwamba kweli unataka kuwasikia. Kwangu mimi ilichukua vikao vinne.

Mengine utayajua kwa akili yako tu: kusifu mbele ya watu na kuonya faraghani, kutotoa ahadi usiyoweza kuitimiza, kuandika mahali ulichoahidi. Moja tu nitalisisitiza, maana nakujua. Wewe ukiona kazi imelegea unaichukua mwenyewe. Unaiita huruma, na huruma ipo, lakini mwenzako anabaki pale pale alipokuwa, na wewe unachoka mpaka unakuwa mkali kwa mgonjwa asiye na kosa. Ukimpa mtu kazi, mpe na mamlaka ya kuiamua. Akikosea, kaa naye muangalie kosa limeanzia wapi, kisha mrudishie kazi ile ile. Kumrudishia ndiko kugumu. Ndiko pia kunakomfanya mtu akue.

Na tafuta mtu mmoja wa kukuambia ukweli, asiyekuogopa na asiye na la kupata kwako. Cheo kina tabia ya kupunguza watu wa namna hiyo, kimya kimya.

Umeuliza kama ukatae. Mimi nasema usiamue sasa hivi kwa sababu una hofu. Jipe miezi sita, na kila jioni uandike mistari miwili: leo kazi imenichosha wapi, na imenipa nguvu wapi. Usihesabu uchovu peke yake, kwani hata kuuguza kulikuchosha na hukuwahi kuacha. Angalia kama kuna uchovu unaoukubali. Ukiona baada ya hapo kwamba furaha yote imekimbia na wagonjwa hawajapata nafuu yoyote kwa wewe kukaa kwenye kiti kile, rudi kitandani kwa mgonjwa bila aibu, nami nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono. Kurudi huko nako kutakuwa ni kuitika.

Nimebakiza jambo la yule binti anayechelewa zamu ya asubuhi. Umeandika nusu ukurasa juu yake: saa anazofika, wagonjwa wanaokosa dozi kwa wakati, jinsi unavyomfanyia kazi yake ili mambo yasiharibike. Nimetafuta mahali uliposema ulimuuliza kwa nini anachelewa, sijapaona. Kabla hujamwandikia onyo, muite mahali penye utulivu, umuulize swali hilo moja, kisha unyamaze. Halafu niandikie alijibu nini.

Rafiki yako wa siku zote.