Wajukuu zangu wa fomu foo, nataka mcheze

Wajukuu zangu wa Ngamiani, nyie mnaopita kibarazani kwangu kila asubuhi na "shikamoo bibi mwalimu" shati bado halijachomekewa, marahaba, hamjambo. Leo nimeamua kuwaandikia huku kwenye simu kwasababu huku ndo mnapatikana, pale barazani mnasalimia mnapita mbio.

Nimefundisha Jiografia sekondari miaka 31, sasa nimestaafu ila macho hayajastaafu, nawaona. Mnatoka shule saa kumi, tuisheni mpaka magharibi, mnarudi mnakula, halafu daftari linafunguliwa na simu iko chini ya daftari. Nikiamka usiku kuswali naona madirisha mawili matatu yana ule mwanga wa bluu, bando la usiku hilo, rahisi kweli, na anayelipia ni akili yako kesho saa mbili darasani. Mnasoma hamsomi, mnapumzika hampumziki, na Novemba inakuja.

Najua mmezoea kuambiwa acheni michezo someni. Mi siwezi kuwaambia hivyo, nilishamfanyia mwanangu mwenyewe.

Mwaka 1998 mwanangu wa kwanza alikuwa fomu foo, na yule mtoto mpira ulikuwa kwenye damu, winga wa kulia. Mwezi wa pili nikachukua njumu zake nikazifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, nikamwambia utazipata ukimaliza mtihani. Akatii, hakununa wala nini. Kila jioni yuko mezani masaa matatu, mimi jikoni naosha vyombo roho imetulia kabisa. Siku moja mwezi wa tisa nikachukua daftari lake la Kemia nione kafika wapi, nakuta ukurasa ni ule ule niliouona wiki mbili nyuma, na pembeni kabisa ya mstari mwekundu kachora kwa penseli kiwanja cha mpira, vidoti 11 huku na 11 huku, na mishale mishale inakwenda golini. Nikafunua nyuma, kurasa nne hivyo hivyo. Nilikaa chini pale pale jikoni.

Matokeo yakatoka, division foo.

Akarisiti. Safari hii njumu nikamrudishia na tukakaa tukapanga, anaamka saa kumi na moja na adhana anasoma saa moja na nusu, jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka magharibi yuko uwanjani na hakuna wa kumwita hata gesi ikiisha, usiku anapitia kidogo tu, saa tatu taa inazimwa. Ukihesabu, alisoma masaa machache kuliko mwaka ule wa sanduku. Na C zake akazipata, Kemia ikiwemo, akaenda fomu faivu. Kosa lilikuwa langu na nilishamwomba msamaha, ila nimebaki nalo moyoni ndo maana nawaandikia nyie.

Kile nilichojifunza ni kwamba mpira haukumwangusha. Kilichomwangusha ni zile jioni za vuguvugu, si moto si baridi, mwili mezani roho uwanjani. Na nyie mnazo hizo jioni tele, tofauti yenu na yeye ni kwamba uwanja wenu uko mfukoni unatetemeka kila dakika. Umefika kwenye kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, unaanza kuelewa mlima uko wapi na bonde liko wapi, simu inalia, status ya mtu, unarudi, unaanza tena mstari wa kwanza. Ukifanya hivyo mara kumi unasema nimesoma masaa mawili, hujasoma, umesoma mstari wa kwanza mara kumi.

Na kukesha nako. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala masaa 8 mpaka 10, na ule usingizi si wa kupumzisha mwili peke yake, ubongo huwa unapanga na kukaza yale uliyoyasoma mchana. Sasa wewe umekesha na biolojia mpaka saa nane usiku halafu saa kumi na moja uko juu, umeyamimina kwenye ndoo inayovuja. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, ambaye alijipima kumbukumbu yake mwenyewe kwa kukariri visilabi visivyo na maana, akachapisha aliyoyaona mwaka 1885, kwamba vingi vinapotea mapema sana, ndani ya siku ile ile ya kwanza, na kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashika kuliko kukariri mara nyingi kwa mkupuo. Nimeyaona kwa macho yangu darasani miaka yote hiyo. Kwahiyo dakika 40 leo, 20 kesho, 10 wiki ijayo, na kila mara funika daftari uandike unachokumbuka kwenye karatasi tupu halafu ndo ufunue uone umekosa wapi. Hiyo ya kupaka rangi rangi kwenye notsi mnaipenda, ila inakudanganya, unaona umeelewa kumbe umezoea tu sura ya ukurasa.

Sasa niwageukie wasichana, na hapa nina uchungu. Kaka yako akitoka shule anatupa begi anakwenda mpirani, wewe unatupa begi unashika ndoo, vyombo, mdogo wako mgongoni, uji wa bibi, na ukikaa tu barazani dakika tano na wenzio unaambiwa umeanza uhuni. Kwahiyo nikisema mpumzike nyie mnanishangaa, mpumzike saa ngapi. Binti mmoja aliniambia muda wake wa kupumzika ni ule wa kwenye foleni ya bombani. Nililia. Wazazi wenzangu mnaosoma hii, sahani inaoshwa na mkono wowote hata wa mvulana, gaweni hizo kazi leo leo, msisubiri shule ipige simu kwamba mtoto analala darasani. Na wewe binti ukipata nusu saa yako, ichukue bila aibu, suka, chora, cheza rede, piga stori na shoga yako mcheke mpaka mbavu ziume. Na ukibanwa ukashindwa kusema nyumbani, njoo kwangu, nitavaa baibui langu nije nizungumze na mama mimi mwenyewe.

Tuisheni sizipingi, hisabati inawasumbua wengi na mtu akieleweshwa vizuri anaamka. Ila tuisheni ya masomo saba siku sita kwa wiki, hapana jamani. Chagua mawili yanayokushinda, mengine soma mwenyewe.

Na kupumzika kuwe kupumzika kweli. Ukienda kucheza nenda mzima mzima, daftari limefungwa, roho haikusuti. Ukiangalia muvi iangalie iishe. Anayecheza huku anajilaumu anarudi nyumbani amechoka mara mbili, na hilo nimeliona zaidi kwa wale watoto wanaojituma sana, wale ndo nawaogopea kuliko wavivu.

Basi tuanze hivi. Jumamosi hii saa tatu kamili asubuhi nitatandika mikeka barazani, mje na past paper ya Jiografia, ya mwaka wowote, rula na penseli kwa ajili ya ramani. Simu zote zinaingia kwenye kapu langu la ukili juu ya kabati, yangu pia. Masaa matatu kama mtihani wenyewe, saa sita tunakunywa chai na mihogo ya nazi huku tunasahihisha, saa saba na nusu mnachukua simu zenu mnakwenda, wenye mpira mpirani, wa kuogelea Raskazone, na nisimuone mtu na daftari mpaka Jumapili asubuhi. Wasichana, nimeshaongea na mama zenu watatu, mmeruhusiwa mpaka magharibi, wawili waliobaki nawafuata kesho baada ya laasiri.