Dhambi ya Mimbarini, Jinai ya Bungeni

South B, Nairobi

Ndugu yangu Salim,

Salaam aleikum. Tangu tulipoachana pale bustani ya Jeevanjee nimekuwa nikiyapima maneno yako, kwamba mtu anayeishika Biblia kwa dhati hawezi kuongoza chama cha kiliberali, yaani kinachotetea uhuru wa kila mtu kuishi apendavyo, bila kumsaliti Mungu wake au wanachama wake. Bado sikubaliani nawe.

Ulinitolea mfano wa Tim Farron wa Uingereza, Mkristo wa kiinjilisti aliyechaguliwa kuongoza chama cha Liberal Democrats mwezi Julai 2015. Waandishi wa habari walimwuliza tangu mwanzo kama mapenzi ya jinsia moja ni dhambi, naye akawa anakwepa, hadi alipobanwa katika kampeni za 2017 akasema si dhambi. Juni 14, siku sita baada ya uchaguzi uliokipa chama chake viti 12, alitangaza kujiuzulu, akieleza kwamba ameshindwa kuwa kiongozi wa chama na kuishi kama Mkristo mwaminifu kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata alikiri kwamba analijutia jibu lile.

Kwangu mimi, kilichomponza ni lile jibu, wala si imani yake. Angeweza kusema waziwazi kwamba dhambi ni jambo la mimbarini na jinai ni jambo la bungeni, na kwamba hataitumia sheria kumlazimisha mtu yeyote aishi kama yeye. William Gladstone, mcha Mungu kupindukia aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, alisimama bungeni mwaka 1883 kutetea mswada ambao ungemwezesha mbunge asiyemwamini Mungu kuingia bungeni bila kula kiapo cha dini. Mswada ulianguka kwa kura tatu, lakini hakuna aliyedhani Gladstone ameacha kusali.

Nakubali, hata hivyo, kwamba kijana anayempenda wa jinsia yake, aliyezunguka nyumba hadi nyumba akikiombea chama kura, ana haki ya kuhofia moyo wa kiongozi wake. Hilo silipuuzi. Ila hofu hiyo huondolewa na jinsi kiongozi anavyopiga kura bungeni, mwaka hadi mwaka, na kukana imani mbele ya kamera hakuwezi kuiondoa.

Unakumbuka kura ya maoni ya Agosti 2010? Kanisani kwetu tulihimizwa kuikataa Katiba mpya ya Kenya, mojawapo ya sababu ikiwa mahakama za kadhi. Nilipiga kura ya kijani, yaani ya kuikubali, kwa sababu nilijua ni kadhi aliyegawa mirathi ya marehemu baba yako hata dada zako wakapata fungu lao bila ugomvi. Hukuniuliza siku ile, wala hujaniuliza hadi leo, kama naamini Uislamu unampeleka mtu peponi. Jibu langu unalijua, na bado ni wewe uliyenipigia simu jioni ile kunishukuru.

Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Kamau