Gharama ya moshi wa malori isiangukie dereva

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee madereva wa malori ya makontena katika bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2015 madereva tuligoma tukidai mikataba ya ajira, lakini mimi na wenzangu ninaofanya nao kazi bado tunaondoka Kurasini kuelekea Tunduma tukiwa na posho ya safari tu, na siku tunazokwama kwenye foleni ya mpakani tunajigharimia wenyewe.

Katika foleni hiyo injini hazizimwi, kwa sababu kila baada ya muda lori husogea hatua chache. Utingo wangu hulala chini ya tela, na asubuhi khanga aliyojifunika usoni huwa na weusi palipokaa pua na mdomo. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani.

Naunga mkono malori machakavu yaondolewe barabarani, ila nauliza nani atalipa. Bandari za Los Angeles na Long Beach, Marekani, zilipoanza kuyazuia mwaka 2008, madereva wengi ambao hawakuhesabiwa kuwa waajiriwa walijikuta wakikatwa mapato yao kulipia malori mapya. Hapa kwetu gharama hiyo wabebe wenye malori na wenye mizigo, nasi tupatiwe maegesho yenye vyoo na maji, tusubiri zamu injini zikiwa zimezimwa.

Dereva wa lori,
Temeke, Dar es Salaam