Dharura haiulizi mkataba wa bima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie watumishi wa umma wanaotibiwa katika hospitali zisizo na mkataba na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), kisha wakadai kurejeshewa fedha zao. Kila mwezi tunakatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 3. Mwalimu mwenzangu alianguka na pikipiki usiku nje ya Moshi. Wasamaria wema wakamkimbiza hospitali iliyokuwa karibu. Familia ililipa taslimu. Alipopeleka risiti akajibiwa kuwa kituo hicho hakitambuliki. Angeulizia mkataba akiwa amezimia?

Madai ya kughushi yadhibitiwe, na anayekwenda hospitali ya kifahari kwa mafua tu alipe mwenyewe. Lakini hata vituo vyenye mkataba havina uhakika: Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama kwa sababu ya kitita kipya cha bei, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko huwalipa watoa huduma.

Napendekeza madai ya dharura yenye taarifa ya daktari yapokelewe, yalipwe kwa bei za kitita hichohicho, na mdai ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30.

Mtumishi wa umma,
Moshi