Sumukuvu haipigiwi kura mtaani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa naletewa na makonda wa mabasi ya Dar, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Yako mengi yaliyonikera nikayameza. Hili la Jumapili iliyopita limenikaa kooni, naomba nafasi nilitoe.

Utakuwa unaikumbuka habari yenyewe, maana mliipa ukurasa mzima na picha tano: "Sumukuvu: ni kweli au ni siasa?" Mwandishi wako alizunguka Dodoma mjini: alianzia Sabasaba, akaenda Majengo, akamalizia Nyerere Square. Akamuuliza dereva wa bodaboda, mama lishe, mwanafunzi wa chuo, mstaafu mmoja na mtumishi wa Mungu kama wanaamini mahindi yanaweza kuua. Wawili wakasema ndiyo, wawili wakasema ni njama za wanunuzi wa nje kushusha bei, na mtumishi akasema magonjwa haya yanatokana na kuporomoka kwa maadili. Mkafunga kwa kuandika "maoni yamegawanyika". Hakuna hata sentensi moja iliyoeleza sumukuvu ni kitu gani, inapimwaje, na vipimo vimekwisha kusema nini.

Waliohojiwa siwalaumu. Mtu akishikiwa simu mdomoni njiani lazima aseme kitu. Nakulaumu wewe, uliyechukua jambo linalopimwa maabara ukalipigisha kura stendi.

Nikueleze kwa nini limeniuma. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao hakuna aliyeutambua mara moja. Waliougua walifikia 68, na 20 wakafariki. Kwetu Chemba aliondoka mtoto wa dada yangu, wa miaka sita. Yeye alifia nyumbani, kabla hajaja mtu yeyote na daftari la kuandika majina. Alianza kwa kutapika, tumbo likajaa kama ngoma, macho yakawa rangi ya kiini cha yai. Majirani wakakaa barazani kutoa maoni. Mmoja akasema ni malaria imepanda. Mwingine akasema ni nyongo. Shemeji yangu akasema kuna bibi kizee, nyumba ya tatu kutoka pale, aliyemtazama mtoto vibaya siku ya mnada. Maoni yakagawanyika, Mhariri, kama ya ukurasa wako, na yaliyoshinda ni ya shemeji. Siku nne zikaishia kwa mganga, na siku zote hizo mtoto alinyweshwa uji wa mahindi yale yale, kwa sababu mgonjwa hutiwa nguvu kwa uji. Ule uji niliupika mimi. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia dada, nikawa naamka alfajiri kuupika, namshikia kichwa, nambembeleza amalize kikombe. Siku ya tano tukamzika. Yule bibi alihama usiku na kuku wake watatu ndani ya tenga, na hadi leo nyumba yake imebaki kuta. Baadaye walikuja wataalamu wakachota mahindi kwenye kihenge cha dada, mahindi yaliyorundikwa sakafuni kabla hayajakauka, na majibu yaliporudi yalisema sumukuvu. Hapo ndipo nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, mimi ninayeuza mahindi.

Sasa nimejifunza. Sumukuvu inatengenezwa na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga, hasa zao likipigwa na ukame shambani au likiwekwa ghalani na unyevu wake. Huwezi kuinusa wala kuionja, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali uuive vyovyote, sumu imo. Ikiingia nyingi kwa mpigo inaua ini kwa siku chache, ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini. Wataalamu waliianza safari ya kuijua mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Mwandishi wako alikuwa na miaka zaidi ya 60 ya kusoma kabla hajatoka ofisini.

Nije kwenye hiyo "siasa", maana hapo mlinigusa kama mfanyabiashara. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa mzigo uwe na cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, soko letu la nafaka lilichafuka. Nilikuwa na magunia 60, na nilipaza sauti kuliko wanaume wote: huu ni wivu, hii ni siasa. Nilikuwa na uhakika, kwa kuwa mahindi yale nilikuwa nimeyapima kama ninavyoyapima siku zote, kwa meno. Unachukua punje, unaing'ata, ikilia na kupasuka imekauka. Akaja kijana wa mnunuzi mmoja na kipima unyevu, kidude chenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Akajaza punje, akabonyeza, kikasoma 16.2. Kinachotakiwa ni asilimia 13.5 kushuka chini. Nikamwambia kimeharibika. Akachota gunia jingine, kikasoma 15.8. Nikang'ata punje nyingine mbele yake, ikalia vizuri tu. Miaka 20 meno yangu yamekuwa sokoni na hayajui tofauti ya 13 na 16! Na hapo ni unyevu tu, bado sumu yenyewe. Hizo sehemu 10 kwa bilioni, kwenye gunia la kilo 100, ni miligramu moja. Haifikii uzito wa punje moja ya ulezi. Nani pale Nyerere Square ana jicho la kuiona? Inawezekana kabisa wenzetu wa Kenya walikuwa na siasa zao. Na mahindi yangu hayakuwa yamekauka. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa siku moja, na mwandishi anayeuliza "ni kweli au ni siasa" anamlazimisha msomaji achague moja, kisha aende nyumbani akapike.

Sisi wa Kongwa tuna sababu ya kuwa wakali juu ya jambo hili. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza hapa mwaka 1947. Wakubwa wa London walikuwa wameshaamua kuwa Tanganyika itawapa mafuta ya kula. Ripoti waliyoitegemea ilifanywa kwa wiki chache mwaka 1946, na sehemu kubwa ya nchi ilitazamwa kutoka kwenye ndege. Hakuna aliyekaa kupima mvua ya Ugogo msimu hadi msimu, wala kuona udongo huu ukikauka unavyogeuka tofali. Babu alikuwa akitusimulia majembe ya matrekta yalivyokuwa yakipinda. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimekwenda. Mzee yeyote wa Kigogo aliyelima uwele misimu 40 alikuwa na hesabu ya mvua kichwani, na hesabu ya namna hiyo inafaa kuulizwa. Walioamua walikuwa na maoni tu.

Na nikiwa bado kwenye karatasi ile ile. Nyuma ya ukurasa wenu wa sumukuvu palikuwa na tangazo la "dawa ya kusafisha ini kwa siku 7", namba ya simu na picha ya mtu anayecheka. Upande mmoja unatia watu shaka juu ya sumu inayoharibu ini, upande wa pili unawauzia dawa ya ini ambayo haijatajwa imesajiliwa wapi wala ndani ina nini. Dada yangu ananunua dawa za aina hiyo kila mwezi, Sh 15,000, kwa sababu tangu mwaka 2016 anaogopa ini lake na maini ya watoto waliobaki. Anasema zimeandikwa gazetini. Kwa watu wetu kilichochapwa kina uzito, Mhariri, hilo unalijua, na ndiyo maana mwenye dawa anakulipa. Halafu hili la maadili. Mimi ni mtu wa kanisani, nasimama kwaya, na maadili nayaheshimu. Lakini kumchapia mama aliyezika mtoto kwamba magonjwa haya yanatokana na kuporomoka kwa maadili ni ukatili. Mtoto wa miaka sita ana maadili gani ya kuporomoka? Alikosea nini zaidi ya kunywa uji aliopewa na mama yake mdogo? Dada alisomewa ukurasa huo na mwanawe wa kidato cha pili. Hakusema kitu. Aliinuka akaenda kukaa nje hadi giza likaingia.

Yapo ya kutuuliza maoni, na hamkuyauliza. Mkulima anayeuza kwa lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, ni haki aambiwe anunue turubai na mifuko isiyopitisha hewa kwa hela yake mwenyewe? Gharama ya kupima abebe nani, yeye, mnunuzi au halmashauri? Na magunia yanayokataliwa yanakwenda wapi? Mimi nimeyaona yanakokwenda. Yanashushwa usiku, yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa watu wanaonunua kwa debe, wale wasioweza kuuliza cheti. Mengine yanasagwa kulishia ng'ombe, na sumu inarudi kwetu kupitia maziwa. Hilo ndilo swali la maadili, mkamuulize mtumishi, mkamuulize na mbunge. Ya kwangu 60 niliyagawa mafungu matatu nikalipia yapimwe sumukuvu. Fungu moja, magunia 22, likazidi. Kulianika upya kusingesaidia, sumu ikishaingia jua haliitoi. Kuna mtu alinifuata jioni ile ile na fedha taslimu mfukoni, akaniambia hataki kujua majibu. Nilimkatalia, nikayateketeza, na mkopo wa kikoba niliulipa kwa miezi 14.

Ombi langu ni hili. Kila Jumamosi, kuanzia Mei hadi Agosti, mnapochapa bei ya gunia la Kibaigwa, chini yake mchape, kwa herufi za ukubwa ule ule: chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yarudishe juani. Isipogandia, yamekaribia kuhifadhika. Na muongeze kwamba chupa inapima unyevu tu, sumukuvu yenyewe hupimwa maabara, mtu asije akadhani chumvi imempa cheti. Hayo ni mistari sita au saba. Picha moja kati ya zile tano ingetosha kuyaachia nafasi.

Siku nyingine mkituma mtu kukusanya maoni juu ya kitu chenye kipimo, kipimo kiwe juu ya ukurasa na maoni yafuate chini. Tangazo la ini mliondoe.

Yule mwandishi simtakii mabaya, anaonekana bado kijana. Mtume Kibaigwa. Nipo upande wa mizani, kwenye turubai la bluu, tangu saa moja asubuhi. Aje na kikombe kimoja cha mahindi ya nyumbani kwake, yale yanayosagwa dona ya watoto wake. Chupa na chumvi ninazo.

Mama muuza nafaka,
Soko la Kibaigwa, Kongwa, Dodoma