Asante, Kocha

Kocha wetu wa sekondari, aliyekuwa pia mwalimu wetu wa hisabati, ametutoka. Sitaki wema wake ukose mashahidi.

Hesabu zilinishinda kabisa, nyumbani wakataka niache mpira. Yeye hakunitoa kikosini. Mazoezi yakiisha alinibakiza uwanjani, ananipa futi kamba nipime goli: upana mita 7.32, kimo mita 2.44, na mita 11 hadi alama ya penalti. Kisha anachora pembetatu mchangani kwa kijiti, tunatafuta pembe ya shuti mpaka giza linaingia. Baadaye alimfuata mzee wangu mwenyewe, akamfungulia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Hakudai hata senti.

Walimu wa michezo, aliyekwama darasani msimwache. Pumzika kwa amani, Kocha.