Barua kwa vijana wa BMU za Lamu: saini yenu ina bei

Kwenu wanangu wa kamati za BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, kuanzia Kiunga mpaka Kipungani,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mzima, ila magoti yamekataa kushuka ngazi za gatini na daktari amenikataza chumvi. Mtu aliyeishi miaka arobaini juu ya maji ya chumvi! Basi, nimetii.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinikuta Mkunguni akanionesha simu yake. Kulikuwa na picha ya tangazo la kikao cha kutoa maoni, limepigwa muhuri, limebandikwa ukutani. Akaniuliza, "Babu, kuna haja gani ya kwenda? Si huwa wameshaamua?" Adhana ilikuwa imeshaingia, nikamjibu kwa neno moja tu: nendeni. Jibu hilo halikumtosha, nami halikunitosha. Hili ndilo jibu refu.

Kwamba huwa wameshaamua, mara nyingi ni kweli, wala sitawadanganya. Lakini tumeyaona mambo mawili makubwa hapa kwetu katika miaka ileile, na yalivyoishia ni mbali kama Amu, huu mji wetu wa Lamu, na Malindi.

La kwanza ni bandari mpya ya Lamu. Kesi ya wavuvi ilipelekwa kortini mwaka 2012, na Machi 2 mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa, Rais Kibaki akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Hukumu ilitoka mwisho wa Aprili 2018. Majaji watano wa Mahakama Kuu walisema wazi kwamba wenyeji hawakushirikishwa inavyopasa na kwamba haki zao zimevunjwa, wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tulipiga vigelegele. Lakini hesabuni miaka wenyewe: sita. Mlango wa bahari ulikuwa umeshachimbwa, mchanga umeshahamishwa, na sehemu tulizokuwa tukitupa nyavu zimekuwa njia ya meli. Yakafuata mazungumzo marefu ya namna ya kulipa, fungu hili pesa taslimu na fungu lile vifaa vya uvuvi. Mei 20, 2021 meli ikafunga kwenye gati ya kwanza. Sisemi bandari ni mbaya, wapo watoto wetu wanaokula kwayo. Nasema tulishinda kesi baada ya bahari kuondoka mikononi mwetu.

La pili ni makaa ya mawe. Mtambo wa umeme wa makaa, wa megawati 1,050, ulipangwa kujengwa Kwasasi. Leseni ya mazingira ilitolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, Septemba 2016. Sheria yampa mtu siku 60 za kupinga leseni, si siku 61, na watu wetu chini ya muungano wa Save Lamu walifika mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira kabla siku hazijaisha. Juni 26, 2019 leseni ikafutwa. Wakati ule Kwasasi ilikuwa ingali mashamba.

Hapa nawaomba msome polepole, maana ndipo penye kiini cha barua hii. Mahakama haikusema kwamba makaa ni haramu. Ilitazama vikao. Vilifanyika, tena vilikuwa na watu. Lakini ilionekana vilikuwa vya kutambulisha mradi, vimekaa kabla ripoti ya athari kwa mazingira haijakamilika. Ripoti ilipokamilika, wenyeji hawakupewa nafasi ya maana kuisoma na kuijibu. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajakiona. Mahakama ilitaja na mengine, ikiwemo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ambayo haikuzingatiwa, lakini lililoiangusha leseni hasa ni tarehe: kikao kilikuwa lini, na ripoti ilitoka lini.

Na tarehe, wanangu, hukaa kwenye karatasi.

Nitawasimulia aibu yangu. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye semina ya mradi fulani, sitautaja wala sitawataja waliotuita. Tulikaa ukumbi wenye feni, tukaoneshwa picha ukutani, tukala biriani ya mbuzi nzuri kwelikweli. Kabla ya kuondoka tukapewa nauli ndani ya bahasha na karatasi ya kutia saini. Juu yake pameandikwa waliohudhuria, basi. Nikatia saini yangu ile ya mapambo ninayojivunia. Mwaka ukapita. Mwanangu mmoja anayesoma akaniletea ripoti ya mradi ule, akafungua nyuma kwenye viambatisho, na saini yangu ndiyo hiyo, ya tatu kutoka juu. Mwanzoni mwa orodha pameongezwa maneno yanayosema jamii ya wavuvi ilishauriwa na ikaunga mkono. Mimi sikuunga mkono kitu. Mimi nilikula biriani.

Tangu siku ile nimejifunza kuandika kando ya jina langu: "Nimehudhuria tu. Ripoti sijaiona." Maneno manne. Ukiandika hivyo, wapo watakaokunja uso, na safari moja niliambiwa naharibu fomu. Nikasema nipeni nyingine, nayo nitaiharibu vilevile. Kisha piga picha ile karatasi kwa simu. Mna simu zenye kamera tatu na hazipigi picha ila samaki na harusi.

Hata kabla ya kikao, ulizeni ripoti iko wapi. Kifungu cha 35 cha Katiba kimewapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Andikeni barua, ipelekeni afisini, nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokewa. Muhuri huo ni muhimu kuliko barua yenyewe. Mkiambiwa ripoti ni ya Kiingereza tu, waambieni kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kwamba mwataka angalau muhtasari kwa Kiswahili kabla ya kikao, usije ukasomwa kwa haraka mkiwa mmeshakaa vitini. Na kwa miradi inayohitaji ripoti ya athari, kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, na atangaze redioni pia kwa lugha za wenyeji. Kwa hiyo mkisikia "tulishakutana nanyi mara moja," hesabuni vidole.

Sasa kalenda. Hili limenikera miaka mingi.

Wenye afisi wana kalenda yao na sisi tuna yetu. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Maoni hukusanywa kabla ya tarehe hizo. Haya, tazameni pepo. Februari ni kaskazi, bahari imetulia, na wapiga mbizi wa Kizingitini wako chini ya maji wakitafuta kamba. Ndipo tunapoitwa kwenye ukumbi. Mwezi wa Aprili kusi linaingia, vyombo vinavutwa pwani, watu wanashinda barazani hawana kazi, na kufikia hapo makadirio yameshaandikwa.

Saa nayo ni vilevile. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, kwetu maji hutoka saa nne asubuhi, na akina mama wa pweza wako miambani na vijiti vyao. Na vikao vyote nilivyohudhuria maishani vilianza saa nne asubuhi. Kisha ripoti husema wanawake hawakujitokeza. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya. Aliyepanga hakuwa na mtu wa kumwambia habari za maji. Kuweni ninyi watu hao: mwanzoni mwa kila mwaka pelekeni afisini karatasi moja yenye siku za bamvua, mwezi kwa mwezi, na muombe vikao viwekwe siku za maji mafu, ambapo maji hayatoki sana, alasiri. Haigharimu kitu. Na kikao kikiwekwa Amu peke yake, andikeni kuuliza watu wa Faza na Ndau watafikaje, na nani atalipa mafuta ya boti.

Mengi ya haya ni ya kuzuia. Lakini kazi kubwa zaidi, nayo haina vigelegele, ni ile ya mipango ambayo bado haijachorwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema pesa za umma zisitumike nje ya mipango iliyopitishwa. Maana yake, kama diko lenu, pale mnaposhushia samaki, halimo ndani ya CIDP, ule mpango wa miaka mitano, mwakilishi wadi anaweza kuwaahidi barafu na gati mpaka meno yamdondoke, pesa hazitatoka. CIDP ya sasa ni ya 2023 hadi 2027. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti yetu nao ni wa 2016 hadi 2026. Mpango mpya ukichorwa ndio utakaosema wapi pajengwe na wapi paachwe, visima vya Shella viendelee kupata maji ya mvua kupitia vile vilima vya mchanga au pawe na majumba juu yake, mikoko ipi ikatwe boriti na ipi isiguswe. Mistari hiyo ikishawekwa, kila mradi wa miaka kumi utakuja na ramani mkononi na kusema, "mbona mlikubali?"

Mkienda kwenye vikao hivyo, msiseme "twataka maendeleo". Kila mtu anataka maendeleo, hata mchwa. Semeni mahali. Semeni mlango kwa jina lake, mwamba kwa jina lake, mwezi gani samaki gani huzaa pale, vyombo vingapi hutegemea. Mwandishi wa mpango hawezi kuandika huzuni yenu, lakini jina la mahali ataliandika.

Najua penye ugumu. Mvuvi hamwoneshi mtu mwamba wake. Mimi nilikuwa na mmoja wa changu ambao sikumwambia hata marehemu mke wangu, na yeye ndiye aliyewakaanga. Lakini bahari isiyochorwa kwenye ramani huonekana tupu, na anayetafuta mahali pa kujenga hupenda patupu. Kwa hiyo choreni, ila choreni kwa upana. Zungusheni eneo lote ambalo miamba ya watu ishirini imo, kisha siri ya kila mmoja ibaki moyoni mwake. Kaeni kijiji kwa kijiji mpatane mipaka kwanza, maana mkianza kugombania mwamba mbele ya wageni, kikao kitafungwa na kila mtu atarudi kwao na nauli yake.

Na msidhani Lamu ni ya wavuvi peke yao. Waboni wa Basuba wana msitu wao na asali yao. Wako wafugaji. Wako wakulima wa Mpeketoni na Hindi. Wakati wa makaa walikuwepo watu wa Kwasasi waliokuwa wakingoja fidia ya mashamba yao, na wengine waliokuwa wakingoja ajira, na sisi wengine tuliwaita majina ambayo leo nayaonea haya. Mtu mwenye deni la karo ya shule hawi msaliti kwa kutaka kazi. Yeye pia alikuwa na haki ya kusoma ripoti ile akajua jivu lingetupwa wapi. Nendeni mkawasikilize kabla ya kikao, hata kama mtatoka hamjakubaliana.

Wahenga walisema kuelekeza si kufuma. Mtafanya yote haya na pengine msisikilizwe. Basi leseni ikitolewa, siku 60 za kupinga huanza kuhesabiwa, na mahakamani hamtaenda mikono mitupu.

Ninao mkebe wa biskuti, ule mkubwa wa bati. Ndani yake mna matangazo, barua zenye muhuri, mihtasari ya vikao vya BMU tangu nilipokuwa katibu, na nakala ya ripoti ile yenye saini yangu. Panya wamekula pembe za karatasi chache. Nataka mmoja wenu mwenye subira aje azipige picha zote, moja moja, kwa mpangilio wa tarehe. Nakuwapo barazani kila siku baada ya Alasiri isipokuwa Ijumaa. Na yule kijana wa simu, nimetazama tena tangazo lako: kikao kimewekwa siku ya bamvua, saa nne. Njoo na kalamu, tuandike barua ya kuomba kisogezwe.

Wenu,
Babu wa mkebe, Amu